Soli ya Kushoto

Watu wa Kamalondo wakikuambia kwamba Aruna fundi viatu alikuwa anasoma soli kama padri anavyosoma kitabu cha misa, usidhani wanatia chumvi. Kutia chumvi wanatia, wale, siwatetei, ila si katika hili. Ulimletea kiatu kilichopasuka, yeye mpasuko hakuutazama. Alikigeuza, akafuta vumbi kwa kidole gumba, akakaa nacho kidogo, halafu akakuambia kwamba unabeba mzigo kwa bega la kulia, au goti linakuuma nawe unaficha, au kazi yako ni ya kusimama kutwa na mkubwa wako hakupi kiti. Na kama soli ya mume wa mtu ilikuwa imeng'aa kwa sakafu ya dansi, wakati mwenyewe alisema alikuwa zamu kwenye tanuru la shaba, hapo Aruna alipiga msumari wake kimya, akapokea hela yake. Mdomo wake ulikuwa mrefu kwa mambo yote ya dunia isipokuwa hayo.

Katika Lubumbashi nzima, mtu mmoja tu ndiye ambaye viatu vyake havikupita mikononi mwa Aruna, naye ni Rabia, mke wake, mama wa binti yao Alima. Sandali za Rabia zikikatika, alizitia kikapuni chini ya vitumbua vyake vya kuuza, akaenda nazo soko la mtaa wa Kenya, humo humo mjini, kwa fundi mwingine. Jirani walicheka mpaka wakachoka. Aruna alipomuuliza sababu, Rabia alijibu kwamba kwake angengoja miezi mitatu kama wateja wengine, na kwa kuwa ilikuwa kweli tupu, Aruna akarudi kwenye nyundo yake.

Babu yake Aruna alitoka Kasongo, kule Maniema, na biashara yake kichwani. Baba yake alishona viatu wakati mji ungali unaitwa Elisabethville. Yeye akarithi nyundo tatu, kalibu za mti za kutengenezea viatu, na kibanda cha mabati. Halafu ikaja miaka ile ya neema, migodi imekuwa ya serikali, shaba ina bei, mshahara unafika mwisho wa mwezi bila kuchechemea, na kila mfanyakazi anataka buti za kazi, viatu vya kanisani na viatu vya Jumamosi. Aruna akaanza kukata soli kwenye matairi ya malori yaliyochakaa. Buti lake lilidumu kuliko suruali tatu. Kabla hujasema lolote alikuwa na duka lenye dirisha la kioo, mafundi tisa na pikipiki ya Vespa, na tumbo dogo ambalo Rabia alilishika kila asubuhi kama anayepima embe.

Timu aliipata kwa hasira. Jumapili moja ya mwaka 1967 alipita uwanjani akakuta Radi ya Kamalondo inacheza, timu ya ovyo ya daraja la chini, yenye jozi kumi na moja za viatu na si zaidi. Mchezaji akitolewa, alikaa chini kwenye vumbi akavua viatu, anayeingia akavivaa vikiwa bado na joto. Aruna hakuudhiwa na mchezo, na mchezo ulikuwa wa kuudhi. Aliudhiwa na vile viatu. Akashona jozi kumi na tano, akasema viatu ni vyake na vitakaa dukani kwake. Basi wachezaji ikawabidi wapite dukani kabla ya mechi kuvichukua, na baada ya mechi kuvirudisha. Wakirudisha wanakuta chai. Baada ya chai ikawa wali. Baada ya wali jezi za rangi ya shaba, baada ya jezi mshahara wa mwezi, na mwaka haukuisha kabla watu hawajasahau kwamba timu ile iliwahi kuwa ya mtu mwingine.

Wachezaji wapya aliwatafuta humo humo, kwenye lundo la viatu vya kutengenezwa. Golikipa wake alimpata kwa kiatu kilicholika ubavuni, cha mwoka mikate aliyekuwa na tabia ya kujirusha kudaka unga. Beki wake alimpata kwa visigino. Wenye timu wengine walituma watu Kolwezi na Kalemie kutafuta vipaji, yeye alikaa kwenye kigoda chake na kungoja vipaji vichanike viatu.

Alikosea mara moja, na kosa lenyewe lilikuwa la furaha. Mchora mabango alimwandikia juu ya mlango, kwa herufi nyekundu: RADI, PREZIDA-MWANZILISHI ARUNA. Akalitazama bango siku mbili, akaliona zuri sana. Siku ya tatu aliitwa ofisini kwa kamishna wa zoni, akakumbushwa kwa sauti ya chini kwamba katika Zaire nzima Prezida-Mwanzilishi ni mmoja tu, picha yake ile pale ukutani. Aruna alirudi nyumbani mbio, akapanda ngazi mwenyewe na kisu cha ngozi, akakwangua. Kuanzia siku hiyo aliitwa Mwenye-Radi, na alama nyekundu ya yale maneno ilibaki juu ya mlango mpaka kesho.

Sasa, kitu kimoja kilimkaa kooni: kombe. Miaka sita Radi haikushinda hata kikombe cha uji. Aruna alikuwa amemwagiza seremala rafu nzuri yenye kioo, ikatundikwa ukutani juu ya kigoda chake, kwa ajili ya kombe la kwanza. Rafu ikakaa tupu mwaka mmoja, miwili, mitatu. Rabia akachoka kuipangusa bure, akaweka humo birika lake la chai. Wateja wakiingia walisalimu birika kwanza, wakalipongeza kwa ubingwa. Kasimu kinyozi wa mlango wa pili, Mungu amsamehe, alikuwa analivulia kofia.

Wiki moja baada ya Idi ya mwaka 1973, mvua zimeanza na duka limejaa watu waliokimbia matone, Aruna alikuwa anachambua lundo lake akakuta jozi ya raba nyeupe, nambari arobaini na mbili, bila karatasi ya jina. Akaigeuza ya kulia: imelika kidogo kwenye ncha, basi. Akaigeuza ya kushoto, na mkono ukasimama.

Chini ya ile soli, pale mguu unapokanyaga nyuma tu ya vidole, palikuwa na duara. Duara hasa, ukubwa wa sarafu ya makuta, limelika sawasawa kila upande mpaka kitambaa kinaonekana. Mahali pengine soli ilikuwa nzima. Aruna akaisogeza mlangoni kwenye mwanga. Akavaa miwani. Akaivua. Mtu huyu, akawaambia watu, anasimamisha mguu wa kushoto chini kama msumari na mwili wote unazunguka juu yake. Anazunguka kulia, anazunguka kushoto, mara elfu, na mguu hausogei hata unywele. Hebu fikirini beki amekuja mbele yake. Beki ataenda upande gani? Beki ataenda kwa mama yake.

Akakibusu kile kiatu, nawaambia, mbele ya kadamnasi. Halafu akainua mkono akanena lile neno.

"Wallahi, mwenye hii kiatu atavala jezi ya Radi. Na kombe itaingia mu ile rafu mbele ya Ramazani ingine. Ikikosa kuingia, timu njo imekwisha, minarudia nyundo yangu."

Kila mtu alijua Aruna hacheki na kiapo. Aliwahi kuapa kutokula muhogo kwa sababu ya ugomvi na muuzaji mmoja, na hajaugusa mpaka leo. Golikipa wake, aliyekuwa amekuja kuchukua mshahara, akashika kichwa. Rabia alikuwa anamimina chai, hakumwaga hata tone.

Siku kumi na moja Aruna hakutoka dukani. Kila mguu uliovuka kizingiti aliupima kwa macho. Siku ya kumi na mbili akaingia kijana mrefu, mpole, shati limepigwa pasi, akasema amefuata raba nyeupe. Jina lake Léonard, karani wa reli, mtoto wa mzee Adalbert wa mtaa wa Makomeno. Kwa sheria ya otantisite, ile ya kurudi kwenye majina ya asili, hakuna aliyetakiwa kuitwa Léonard tena, na kwenye karatasi za kazini aliitwa Kalenga, lakini nyumbani kwao majina ya ubatizo yalikuwa yamekataa kuhama. Akafungua mdomo aseme neno la pili. Hakupata nafasi. Aruna alikuwa amekwisha mkalisha, amemvua kiatu, amemtia ile raba, na mguu ukaingia, jamani, ukaingia sawasawa kabisa. Kelele zilizopigwa pale zilimleta Kasimu na wembe mkononi, mteja wake nyuma amenyolewa nusu.

Yule kijana alijaribu kusema. Alijaribu siku hiyo, akashikishwa sahani ya pilau. Alijaribu mazoezini, Aruna akamwambia wenye kipaji cha kweli wote huwa na haya. Siku ya tatu, nadhani, alianza kupenda kidogo kusalimiwa njiani na watu asiowajua, na hapo siwezi kumlaumu, kwa sababu karani wa reli anasalimiwa na nani?

Basi wakapanda lori kwenda Kambove kucheza na timu ya wachimbaji. Matope, mvua, lori limekwama mara mbili. Léonard akawekwa winga ya kushoto. Mpira ulipomjia mara ya kwanza alijitenga nao kwa adabu, kama mtu anayempisha mkubwa mlangoni. Mara ya pili aliukanyaga akakaa chini. Mara ya tatu aliupiga kwelikweli, ukamgonga golikipa wake mwenyewe kisogoni. Radi ilifungwa manne, na watu wa Kambove walicheka mpaka wengine wakalala kwenye nyasi. Mpaka mwisho walikuwa wanaomba huyo winga asitolewe.

Wakapanda lori kurudi. Léonard alikuwa amevaa tena viatu vyake vya ngozi, amekaa kumkabili Aruna, miguu ameinyoosha. Na hapo ndipo Aruna, ambaye furaha ilikuwa imemfumba macho wiki mbili nzima, akatazama soli za huyu kijana kwa mara ya kwanza. Zimelika ukingoni mwa visigino, pande za nje, mbele nzima kabisa. Miguu ya mtu anayekaa mezani amepishanisha vifundo, saa nane kila siku. Hata mtoto angeisoma.

Akamuuliza raba nyeupe ni za nani.

"Ni ya dada yangu Constance, papa Aruna," Léonard akasema, na machozi karibu. "Tunavalaka nambari moja. Tangu siku ya kwanza minataka kukwambia."

Looh. Habari ilifika Kamalondo kabla ya lori. Kasimu alikuwa anaisimulia huku amekaa kwenye kigoda cha Aruna, anacheza sehemu ya winga na sehemu ya mpira pia. Msichana, watu wakasema, tena anacheza ule mpira wa kikapu wa masista, mpira wa mikono. Lile duara halikuwa la kupiga chenga mabeki, lilikuwa la kugeuka na mpira kifuani, maana katika mchezo ule ukiushika mpira mguu mmoja lazima ubaki chini. Aruna hakuwahi kuuona mchezo huo maishani mwake. Kasimu, baada ya kucheka, alimwonea huruma akamwambia dini haikumfunga: alishe maskini kumi, kiapo kinafutika, mambo kwisha. Aruna akaona ni shauri jema. Akanunua gunia la mchele kabisa, likakaa dukani kungoja Ijumaa. Rabia akaliruka kila alipopita.

Kabla ya Ijumaa hiyo, Aruna akapanda Vespa kwenda Makomeno kurudisha zile raba. Hakuwa amezitengeneza. Alisema alitaka kumaliza aibu haraka, na mimi nasema alitaka kuona, kwa sababu mtu wa kurudisha kiatu tu hutuma fundi wake.

Walimwelekeza kwenye uwanja wa saruji nyuma ya shule ya masista, wenye ukuta wa kufika kidevuni upande wa njia. Wasichana sita saba walikuwa wanacheza, na mmoja alikuwa mrefu kuwapita wote, amevaa viatu vya kaka yake vilivyofungwa kwa kamba. Akadaka mpira. Mguu wa kushoto ukashuka ukakaa. Msichana mmoja akaja mbele yake. Constance akaonyesha kulia, akazunguka kushoto, akapanda hewani, na mpira ukaingia ndani ya kikapu bila kugusa chuma. Aruna, na raba mkononi, alijikuta anacheka peke yake kama aliyefurahishwa na jambo kanisani. Mwili wote wa yule mtoto ulikuwa umekwisha andikwa kwenye ile soli, na yeye alikuwa ameusoma vizuri. Alikosea kitabu tu.

Akamngoja amalize. Constance akamsalimu kwa adabu, akauliza mama wa vitumbua hajambo. Aruna akajibu hajambo, vitumbua vya Rabia mji mzima ulivijua. Kisha akamuuliza anachezea timu gani. Msichana akasema hana timu. Shule alikwisha maliza mwezi wa saba, masista wanamvumilia tu, na timu ya wanawake wazima Lubumbashi iko moja, imejaa mabinti wa wakubwa. Baba yake amekwisha mpatia kazi ya kupiga taipu. Akisha anza, mpira basi. Aliyasema bila kulalamika, huku anaupigisha mpira chini kwa mkono mmoja, na hilo ndilo lililomchoma Aruna.

Mchele wa maskini kumi waliula maskini kumi, usijali. Lakini kiapo hakikufutwa.

Mzee Adalbert alikuwa dereva wa garimoshi aliyestaafu, mtu wa kaskazini, Mkatoliki wa kufunga vifungo vyote vya shati. Alimpokea Aruna barazani, akamsikiliza mpaka mwisho: timu ya wanawake, mshahara, yeye na Rabia kama wazazi, kaptula za kufika magotini. Akauliza swali moja tu. Je, ni kweli alivyosikia, kwamba Aruna aliapa kwa Mungu juu ya mwenye kiatu, bila kusema mwanamume wala mwanamke? Aruna akakiri ndivyo.

"Basi mimi sitamufanya muntu avunje kiapo yake kwa sababu ya mutoto yangu," akasema Adalbert. "Lakini ulisema jezi ya Radi. Njo atavala ile ile."

Na ndivyo ilivyokuwa. Rabia akachukua jezi za akiba za rangi ya shaba za wanaume, akazikata na kuzishona upya, na radi ya njano ikakaa vifuani mwa wasichana wanane, Constance na wenzake waliomaliza shule. Wanaume wa Radi walinuna. Golikipa alisema yeye hawezi kuvaa nguo moja na wanawake. Aruna akamwambia basi acheze kifua wazi, akanuna zaidi lakini akabaki. Kamalondo wakaipa timu ile jina la Visigino, kwa kumkejeli fundi. Aruna akalipenda, akamwita mchora mabango, safari hii akalisoma neno kwa neno kabla rangi haijakauka.

Mechi ya kwanza walishindwa kwa pointi arobaini na tatu. Nimesema arobaini na tatu. Kasimu alihesabu kwa sauti. Wasichana waliteleza kwenye saruji yenye vumbi kama waliopakwa sabuni, na Constance kila alipogeuka alijikuta chini. Aruna hakuona pointi, aliona miguu. Siku iliyofuata akafunga duka, akachukua tairi la lori, akakata soli nane za kushoto na nane za kulia, akazichora mistari kwa kisu. Akazijaribu mwenyewe kwenye saruji ya Makomeno, mzee wa miaka arobaini na mitatu mwenye tumbo, anasimamisha mguu na kuzunguka, anasimamisha na kuzunguka, masista wanachungulia dirishani. Alirudi tena na tena mpaka soli ikashika inapotakiwa kushika na kuachia inapotakiwa kuachia. Mechi ya pili wakashindwa kwa pointi tisa. Ya tatu wakashinda.

Kuanzia hapo sijui nikuelezeje. Mwezi wa nne timu za jimbo zima zilikuwa zinaomba zisipangiwe na Visigino. Mwezi wa sita, taifa zima likisikiliza redio na kuhuzunikia Leopards, timu ya taifa, kule Ujerumani, watu wa Kamalondo walipata sababu ya kutoka nyumbani: walikwenda kuwaona mabinti wa Aruna. Mzee Adalbert alikaa mstari wa mbele na kofia yake ya reli, na kila Constance alipofunga alipuliza filimbi ya stesheni, mpaka mwamuzi akamwomba aache kwa sababu wachezaji walikuwa wanasimama. Léonard akawa karani wa timu, anaandika pointi kwa mwandiko safi. Hapo ndipo alipokuwa na kipaji. Kazi ya taipu Constance aliianza pia, asubuhi, kwa vidole virefu vilivyowafanya makarani wengine wamwonee wivu.

Fainali ya jimbo la Shaba ilichezwa mwisho wa mwezi wa nane, Lubumbashi, dhidi ya Likasi. Ramadhani ilikuwa imebaki majuma mawili na siku kadhaa. Wanaume wa Radi, waliokuwa wamekwisha tolewa katika mashindano yao kama kawaida, walikuja wote na ngoma. Golikipa alikuwa anapiga ngoma kubwa kuliko zote, amevaa jezi yake, anamwambia kila mtu kwamba wale ni dada zake.

Likasi walikuwa wazuri, tuseme kweli. Walitangulia muda wote. Zikabaki sekunde chache, Visigino nyuma kwa pointi moja, na Aruna aliona rafu yake, birika lake, bango lake, miaka saba ya maisha yake imening'inia kwenye mikono ya binti wa watu. Alitaka kufumba macho. Badala yake akafanya analolijua. Watu wote elfu mbili walitazama juu, kwenye mpira. Yeye alitazama chini, kwenye mguu wa kushoto.

Mguu ukashuka, tairi likaishika saruji. Kisigino kikainuka kidogo. Ile soli ikazunguka kulia, ikasita, ikarudi kushoto bila kuhama, na alipoiona ikiachia ardhi sawasawa, bila kuburuza, Aruna akaanza kulia kwa furaha kabla mpira haujafika kikapuni. Kasimu aliyekaa kando yake alidhani wamefungwa, akaanza kumpa pole. Halafu uwanja ukalipuka na filimbi ya Adalbert ikalia mpaka ikaisha pumzi.

Wakaandamana na kombe kwa miguu hadi Kamalondo, jua lingali juu. Dukani hapakuwa na mahali pa kutia hata sindano. Aruna akapanda kigoda, akashusha birika kwa heshima zote, akamkabidhi Rabia, na kombe likaingia kwenye rafu, likabakiza vidole viwili tu juu. Watu wakala, wakacheza, wakamrusha Léonard hewani kwa kumbukumbu ya Kambove, kisha wakatawanyika polepole. Wakabaki mume na mke, na birika.

Aruna akakumbuka kitu alichokisahau mwaka mzima. Akauliza, kama anayejiuliza mwenyewe, zile raba zilifikaje kwenye lundo lake bila karatasi. Constance hakuzileta, Léonard alikuja kuzichukua tu.

Rabia akaendelea kufuta birika. Akasema alizileta yeye. Constance, anayenunua vitumbua kwake, alimpa zipelekwe kwa fundi, naye akaziweka juu ya lundo, karatasi ya jina akaichana, kisha akamwambia mtoto asubiri siku kumi kabla ya kutuma mtu.

Aruna akakaa chini. Akatazama miguu ya mkewe. Kisha akanyoosha mkono, kama anavyomnyooshea mteja, na Rabia, baada ya kusita kidogo, akavua sandali zake akampa.

Akazigeuza. Akafuta vumbi kwa kidole gumba. Visigino vilikuwa vizima kama siku ya kununuliwa. Lakini ncha, pale vidole vinaposhika, zilikuwa zimeliwa zote mbili sawasawa mpaka zimekuwa nyembamba kama karatasi.

"Huyu muntu," Aruna akasema taratibu, kwa sauti yake ya kusomea, "anasimamaka juu ya bidole. Anachungulia juu ya ukuta ya masista. Si leo wala jana. Ni miaka." Akainua macho. "Mama Alima, unapenda mpira hivi, na haukunisemea?"

"Ningesema, Baba Alima, ungesikia?" Rabia akamjibu. "Weye hausikiake kinywa ya muntu. Unasikiaka biatu tu."

Akacheka, na Aruna naye akacheka, akacheka mpaka miwani ikaanguka. Kisha akachukua nyundo, na zile sandali akazitengeneza papo hapo, bila foleni, bila miezi mitatu, Rabia amekaa mbele yake miguu mitupu anakunywa chai.

Miaka iliyofuata Aruna alikuwa na timu nne. Wasichana wake walipanda ndege uwanja wa Luano kwenda kucheza Kinshasa, na rafu ikabidi iongezwe mara mbili. Radi ya wanaume haikushinda kombe hata moja, aliiweka kwa mapenzi. Na tangu siku ile Rabia hakupeleka tena sandali zake soko la Kenya. Zilipokatika mwaka uliofuata alizitia juu ya lundo kama mteja mwingine yeyote. Aruna akazigeuza, akakuta ncha ni nzima, zimelika nyuma, visiginoni, kama za mtu aliyekaa benchi la timu msimu mzima na kupiga miguu chini kila mpira unapoingia.